Obunga: Mbio za Kungojana

Ukitaja Obunga mjini Kisumu, wengi hukujibu kwa vitu viwili: chang'aa na mgongo wazi. Ukidadisi zaidi utasikia habari za mitaro inayofurika wakati wa masika, vichochoro visivyopitika kwa gari, na onyo la kutokatiza huko giza likishaingia. Yote hayo yana ukweli wake. Mimi naiandika Obunga kwa jambo ambalo hakuna aliyenitajia nilipohamia: kila Jumamosi alfajiri, watu wa rika mbalimbali hukusanyika chini ya taa ndefu ya mulika mwizi, hukaza kamba za raba, na hukimbia pamoja hadi ziwani. Ikiwa leo nina mji wa pili baada ya Mwanza, watu hao ndio walionikabidhi. Kibali cha kazi kiliniruhusu kukaa tu.

Kwenye ramani, mtu wa Mwanza akiwa Kisumu hajaenda mbali. Unapanda basi, unavuka mpaka pale Sirari na Isebania, unapita Migori na Kisii, na ziwa unalolikuta mwisho wa safari ni lilelile uliloliacha nyuma. Mwinuko ni uleule, mita 1,130 na kidogo juu ya usawa wa bahari, hivyo hata kifua hakina jipya la kuzoea. Sangara hapa ni mbuta, sato ni ngege, dagaa ni omena, na bei zake zinalalamikiwa sokoni kwa uchungu uleule. Makao makuu ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yako Kisumu, kwa hiyo hukosi kukutana na Mganda, Mrundi, Mnyarwanda au Mtanzania aliyeletwa na kazi. Lakini upweke hauna habari na ramani. Nilikuwa na nyumba nzuri Migosi, nilikuwa na kazi niliyoipenda, na Ijumaa jioni nilikuwa nazunguka sebuleni na simu mkononi nikitafuta nani wa kwetu bado hajalala.

Nyumbani nilikuwa mtu wa mchakamchaka. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua: foleni mbili, mwalimu wa zamu pembeni, kiongozi wa nyimbo mbele, na shule nzima ikiitikia huku vumbi likipanda. Watu wazima wameuchukua mchakamchaka ule wakautia kwenye vikundi vya jogingi vya mitaani. Dar es Salaam ndiko vilikostawi zaidi, ila hata Mwanza vipo vya kutosha. Fulana za rangi moja, filimbi, nyimbo za kutaniana, nusu ya barabara imezibwa Jumapili asubuhi na makondakta wa daladala wanaitikia kiitikio madirishani. Mbio zikiisha, supu. Kikundi cha namna hiyo kina katibu na mweka hazina, kina mfuko wa rambirambi, kina ugomvi wake wa uchaguzi, na mmoja akilazwa hospitali wanakwenda wote kumjulia hali mpaka wauguzi wanawafukuza. Raba zangu nilizihamisha. Kikundi hakihamishiki.

Wageni wa zamani nao walijitafutia dawa ya jambo hili. Mwaka 1938, mjini Kuala Lumpur, Waingereza waliokuwa wakifanya kazi Malaya walianzisha mbio za kufuata alama za karatasi zilizodondoshwa na mkimbiaji aliyetangulia. Kikundi chao, Hash House Harriers, kimezaa matawi karibu dunia nzima. Nairobi na Kampala yapo hadi leo. Mbio, kisha vinywaji na nyimbo. Nawaheshimu, kwa kuwa mtu aliye mbali na kwao anahitaji kucheka na wenzake. Wafanyakazi wenzangu walinielekeza kwa wageni wengine waliokuwa wakikimbia pamoja jioni, wakitokea Milimani, nami nilikwenda. Walinipokea vizuri sana. Tulizungumza habari za viza, shule za kimataifa na tiketi za ndege. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimejua mengi kuhusu miji ya mbali, na bado sikujua jina la mtu hata mmoja anayeishi mtaa wa pili kutoka kwangu. Nilichokuwa nakitafuta ni majirani.

Aliyenipeleka Obunga ni mama anayeuza mgongo wazi karibu na Kondele. Nilikuwa nimezoea kununua kwake jioni nikitoka kazini. Siku hiyo aliitazama miguu yangu badala ya pesa.

"Hizo raba ni za kutembea ama za kukimbia?"

"Za kukimbia, mama. Ila sina wa kukimbia naye."

"Wewe si wa hapa. Hiyo Kiswahili yako ni ya Tanzania."

"Natoka Mwanza."

"Haya, nyaminwa, kuja Jumamosi saa kumi na moja na nusu. Usikuje na gari, hakuna mahali utaweka."

Nyaminwa ni dada yetu. Nilikwenda kwa miguu, na kijana wa bodaboda aliyekuwa jirani yangu akanisindikiza bure kwa sababu, alisema, mama huyo alikuwa ameshampigia simu.

Biashara ya mama huyu ndiyo Obunga yenyewe, kwa hiyo nisiipite mbio. Mgongo wazi ni kinachobaki cha mbuta baada ya kiwanda kuchukua minofu: kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama nyembamba iliyong'ang'ania mifupa. Minofu husafirishwa ng'ambo. Mifupa huja Obunga kwa mkokoteni. Biashara hii ilikua pamoja na viwanda vya minofu vilivyoota kando ya ziwa kuanzia miaka ya 1980, baada ya mbuta kuenea ziwani, na kwa kuwa Obunga imepakana na eneo la viwanda la Kisumu, ikawa jiko lake. Sasa mbuta wamepungua, viwanda kadhaa vimefungwa, na mifupa imepanda bei. Kwetu Mwanza chakula hichohicho ni mapanki. Mwaka 2004 ilitoka filamu moja iliyoyaonyesha mapanki ulimwenguni kote kama picha ya unyonge wetu, na Serikali ya Tanzania ilikasirika. Mimi nimelelewa na mapanki na sijawahi kuyaonea haya. Nilipomwona mama wa Obunga kazini nilijua niko mahali ninapopajua.

Alfajiri ile moto ulikuwa umeshakolea. Alikuwa ameparua magamba tangu usiku, kwa kisu kifupi kilichoisha makali upande mmoja, na mifupa ilikuwa imetandazwa juu ya chanja la waya ipungue maji. Mafuta huyapima kwa sikio. Alitupia kipande kidogo cha pezi kwenye karai, kikazama kimya, akasubiri. Akatupia kingine, kikalia, ndipo akaweka kichwa cha kwanza. Vichwa hutangulia kwa sababu ni vinene, na mashavu yake ndiyo mnunuzi anayoyakagua kabla hajauliza bei. Alipokwisha kugeuza vitatu alimwachia bintiye upawa, akafunga leso kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, akaniambia, "Wadhi." Twende. Akakimbia akinukia moshi wa kuni, na hivyo ndivyo ninavyomjua gizani hadi leo.

Kikundi hakina jina la kuandika kwenye fulana. Kina kapteni, fundi wa kuchomelea ambaye hajawahi kushindana popote. Kuna mlinzi wa usiku anayekuja moja kwa moja kutoka lindoni, akiwa bado na soksi nene. Kuna msusi, kuna wanafunzi, kuna mzee aliyefanya kazi reli kwa miaka mingi. Kuna kijana aliyekuwa akinywa chang'aa tangu asubuhi. Alianza kukimbia kwa sababu saa kumi na moja alfajiri ndipo kiu yake ilipokuwa ikimwamsha, na alihitaji kuwa mahali pengine saa hiyo. Hayo alinieleza mwenyewe, kwa utulivu, tukiwa tunapanda kilima. Jirani zake wanapika chang'aa na wengine wamesomesha watoto kwayo, wala yeye hawasemi vibaya. Anasema tu kwamba akikosa kuonekana mazoezini, kapteni anakwenda kugonga mlango wake.

Kanuni ya kikundi ni moja: tunangojana. Tunangojana chini ya daraja la juu la Kondele, tunangojana kwenye lango la hospitali, tunangojana Kibuye, na hakuna anayeondoka mpaka wa mwisho afike na apumue. Kapteni hakimbii mbele, hukimbia nyuma kabisa, na mwenye kasi akitaka kuonyesha kasi yake anaruhusiwa kwenda mbele kisha anarudi kutuchukua. Mwanzoni wa mwisho nilikuwa mimi. Kumbukumbu niliyo nayo ya majuma yale ni watu wamesimama chini ya daraja wakiwa wamegeukia upande wangu, jasho likiwakauka, matatu zikipiga honi, na hakuna hata mmoja aliyetazama saa. "Mos mos," walikuwa wakisema. Taratibu. Nimekaa katika miji kadhaa ambamo watu walinisalimu vizuri. Kungojwa ni jambo kubwa kuliko salamu, maana anayekungoja amekubali kuchelewa mambo yake kwa ajili yako.

Walio mbali hudhani kila Mkenya anakimbia. Ukweli ni kwamba mbio za Kenya zinazojulikana duniani zina kwao: Iten, Kapsabet, Kaptagat, nyanda za juu za mita 2,000 hivi na zaidi, ambako kijana huamka akiwa na kocha, kambi na ndoto ya kulipwa. Kule mbio ni kazi, na ni kazi ya heshima. Kisumu iko chini, ina joto, na moyo wake uko kwenye soka. Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968 na kuna nyumba ambamo watoto waliijua kabla ya kujua majina ya babu zao. Mtu mzima akionekana anakimbia barabarani Obunga bila mpira, watu walikuwa wakiuliza anafukuzwa na nani. Msusi wetu alisimamishwa mara moja na akina mama waliotaka kumsaidia, wakiamini mumewe yuko nyuma na fimbo. Kwa hiyo katika jambo hili hata wenyeji walikuwa wageni. Hakuna aliyerithi mbio hizi kwa baba yake. Walizianza wenyewe, wengine baada ya daktari kuwatajia shinikizo la damu, wengine baada ya msiba, na labda ndiyo maana walijua namna ya kumpokea anayeanza.

Njia yetu ya Jumamosi inatoka Obunga hadi Kondele, inateremka kuelekea mjini, na kituo cha kwanza kikubwa ni hospitali ambayo kwa karatasi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na kwa midomo ya watu ni Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969. Yeye na Jaramogi walikuwa wamekwisha kuwa mahasimu wa kisiasa, maneno makali yakatoka hadharani, umati ukachafuka, na walinzi wakafyatua risasi. Waliuawa watu, watoto wakiwemo, na idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Mzee wa reli alikuwa mtoto wa shule. Tukisimama langoni kuwangoja wa nyuma, yeye husimama ng'ambo ya barabara. Hakuna anayemwuliza, naye hakuwahi kunieleza kwa nini, ila mwaka mmoja tarehe hiyo iliangukia Jumamosi na kapteni akabadilisha njia bila kutangaza, tukapitia Kibos.

Kutoka Russia ni mteremko hadi soko la Kibuye, ambako wenye mitumba wanafungua marobota wakati tunapita, kisha Barabara Kuu ya Jomo Kenyatta hadi katikati ya mji. Hapa kuna vijia vizuri vya waenda kwa miguu, vingi vikiwa vimetengenezwa mji ulipojiandaa kwa mkutano wa Africities wa Mei 2022. Mkimbiaji anaijua siasa ya mji kwa nyayo zake: pale ambapo mkuu wa nchi alitarajiwa kupita, kuna vigae, ukirudi Obunga unarudi kwenye udongo na mawe. Nimesikia wenzangu wakilisema hili bila kinyongo, kama taarifa ya barabara, na mimi nasema kwamba si haki. Vijia vile vingeanzia Obunga, wangevitumia watu wanaotembea kwenda kazini kila siku ya Mungu.

Jua la Kisumu huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na kwa kawaida hutukuta tukishuka kuelekea bandarini. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence, na mzee wa reli hapiti bila kuwakumbusha vijana kwamba mji huu ni mtoto wa reli. Treni ya abiria kutoka Nairobi ilirudi Desemba 2021 baada ya miaka mingi ya ukimya. Siku tukiisikia ikipiga honi anavua kofia. Halafu Milimani, chini ya miti mikubwa, halafu Hippo Point, na mwisho Dunga, ambako mitumbwi ya omena inaingia na taa zake zikiwa bado zinawaka na mafunjo yamesimama majini pande zote. Gugumaji likiwa limeziba mwalo, wavuvi husukuma mitumbwi kwa miti mirefu na wenye nguvu kati yetu huingia majini kuwasaidia, viatu vikiwa vimefungwa shingoni. Chai ya maziwa na mandazi tunakunywa pale pale, juu ya mbao za boti zinazokarabatiwa. Kurudi ni kwa matatu kwa anayetaka. Mama wa mgongo wazi hurudi kwa bodaboda, kwa sababu wateja wa asubuhi hawamngojei.

Mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kunifanyia utani wa Utanzania wangu. Alitaka nieleze habari za Filbert Bayi. Nilizaliwa baada ya mbio zile, lakini nilizijua kama kila Mtanzania anavyozijua: Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakumpisha mtu, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. John Walker wa New Zealand alikuwa wa pili, naye pia akaivunja rekodi ya zamani. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Hilo la Jipcho ndilo mzee alilokuwa hajalisamehe. Walisikia redioni, alisema, yeye na vijana wenzake, wakaona Tanzania imewaonea. "Hakuna mtu anakimbia mbele peke yake mwanzo mpaka mwisho," alilalama, nusu karne baadaye, tukiwa tunanyonya miwa Dunga. "Si kungoja hata kidogo?"

Basi fikirini furaha yangu ya Septemba 2025. Mashindano ya dunia ya riadha yalikuwa Tokyo. Jumapili tarehe 14, Peres Jepchirchir wa Kenya alishinda marathoni ya wanawake, na simu ya kikundi ikawaka kwa shangwe. Usiku wake sikulala. Marathoni ya wanaume ilikimbiwa asubuhi ya Tokyo, kwetu ilikuwa saa tisa na ushei usiku ilipofika uwanjani, na Alphonce Simbu wa Singida, askari wetu wa JWTZ, akamfukuza Mjerumani Amanal Petros hadi kwenye utepe. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu katika mia moja za sekunde moja, na picha ndiyo iliyosema nani kashinda. Tanzania haikuwa imewahi kupata dhahabu katika mashindano hayo. Nilipiga kelele peke yangu Migosi. Dakika mbili hazikupita simu ikaanza kulia: kapteni, msusi, mlinzi akiwa lindoni, kijana, wote walikuwa macho. Mama wa mgongo wazi alipiga vigelegele kwenye simu mpaka majirani zake wakagonga ukuta. Hakukuwa na Mkenya kati ya watatu wa kwanza na hakuna aliyelitaja hilo usiku ule, hata mzee.

Jumamosi iliyofuata walinilazimisha nitangulie mbele, kutoka mulika mwizi hadi Kondele, na hakuna aliyeruhusiwa kunipita. Niliwafundisha wimbo mmoja wa mchakamchaka. Wanaitikia kwa lafudhi ya Kiluo na wanaukoleza kwa sauti ya tatu ambayo sikuwahi kuisikia kwetu, na sasa siwezi tena kuusikia wimbo ule bila sauti hiyo.

Oktoba ilikuja na mambo mengine. Tarehe 15 Raila Odinga, mwanasiasa mkongwe na mwana wa Jaramogi, alifariki huko Kerala, India, akiwa na miaka 80. Alianguka akiwa kwenye matembezi yake ya asubuhi. Habari zilifika Kisumu watu wakiwa kazini, na mji ukatoka barabarani na matawi ya miti mikononi. Waluo wana desturi ya kukifukuza kifo kwa mbio, tero buru, watu na ng'ombe wakikimbia kwa nyimbo na vishindo kutoka kwenye boma la marehemu mzee. Nilikuwa nimeisoma vitabuni. Siku ile niliiona ikitokea kwenye lami, Kondele nzima ikikimbia, wanaolia wakilia huku wanakimbia, na niliwatambua wenzangu wawili katikati ya umati kwa namna wanavyorusha mikono.

Mwili uliletwa uwanja wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, tarehe 18. Ilikuwa Jumamosi, siku yetu. Tulikusanyika palepale, saa ileile, lakini tulitembea, tukiifuata barabara ya Kakamega pamoja na maelfu waliokuwa wamekesha njiani. Kapteni alituagiza kila mtu ashike nguo ya aliye mbele yake. Msongamano langoni ulikuwa wa kutisha na kuna watu waliumia siku ile. Mzee alituambia tumwache pembeni, atatungoja, na kijana wetu akakataa kumwacha. Alimwegemeza ukutani akasimama mbele yake akiwa amenyoosha mikono, mpaka wimbi la watu likapungua. Mimi mgeni nilikuwa nimeshika leso ya mama wa mgongo wazi. Tulipopita mbele ya jeneza ilikuwa ni sekunde chache tu. Njia nzima ya kurudi mama alikuwa akinisimulia, bila mimi kumwuliza, mikutano yote ya Raila aliyohudhuria tangu akiwa msichana, na mvua zilizonyesha katika kila mmoja.

Hazikupita wiki mbili ikawa zamu yangu. Tarehe 29 Oktoba Tanzania ilipiga kura, pakatokea vurugu, na intaneti ikazimwa nchi nzima. Nilikuwa naandika ujumbe kwa mama yangu Mwanza na ujumbe unabaki na alama moja. Simu za kawaida zilikuwa zinashika na kukatika. Sikumwambia mtu Obunga. Wao walisikiliza redio kama kila mtu, na jioni ya pili mama wa mgongo wazi alikuwa mlangoni kwangu na bakuli lililofunikwa kitambaa. Hakutaka kuingia akae. Alitaka nifunge mlango twende kwake. Nilikula na watoto wake na nikalala huko. Mlinzi ana shemeji anayeendesha lori hadi Isebania. Huyo ndiye aliyetuletea alichokisikia kwa madereva waliotoka upande wa pili. Hakikuwa kingi, lakini kila usiku alipiga. Jumamosi tarehe 1 Novemba tulikimbia. Hakuna aliyeniuliza lolote njiani na hakuna aliyeniacha peke yangu. Sauti ya mama yangu nilipoipata kapteni alikuwa karibu, na alichukua simu kwa heshima zote akamwamkia kwa "shikamoo" niliyomfundisha mimi, kisha akamweleza kwamba binti yake anakula vizuri ila bado hajui kuteremka mlima.

Mazungumzo yale ndiyo yaliyozaa mpango tulio nao sasa. Mama aliwaalika wote, na Obunga mwaliko hauchukuliwi kama maneno ya adabu. Tunachanga nauli kwa M-Pesa kila wiki, msusi ndiye anayeshika daftari, na nimeshazungumza na kikundi cha mtaani kwetu kitupokee Jumapili moja kwa mchakamchaka wa Kirumba hadi kando ya ziwa, na supu baadaye. Kijana anashughulikia hati ya kusafiria kwa mara ya kwanza maishani. Mlinzi ameomba likizo. Mama wa mgongo wazi anataka kuona kwa macho yake mapanki yanavyokaangwa Mwanza, na ameshatangaza kwamba tutakuwa tunakosea.

Mzee alikuwa hataki basi, alitaka meli. Ilimchukua muda kukubali kwamba hakuna meli ya abiria ya kumfikisha Mwanza kutoka hapa siku hizi. Anaikumbuka MV Victoria, iliyotengenezwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961, ikizunguka bandari za ziwa lote mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na meli ikabaki upande wa Tanzania. Nilipomwambia imekarabatiwa na tangu 2020 inakwenda Bukoba tena, alinyamaza kidogo, kisha akaweka sharti: tukifika Mwanza, kabla ya supu, kabla ya kumwamkia mtu yeyote, apelekwe bandarini.

Juzi mama yangu alipiga kuuliza wageni ni wangapi na kama wanakula ugali wa muhogo. Nilimpa kapteni simu. Alianza kuhesabu kwa vidole, akaongeza wawili ambao hawajawahi kukimbia hata siku moja lakini wameshalipa nauli, na akamwomba asiandae magodoro mengi, kwa sababu mlinzi hajui kulala usiku.